Nikisoma mfano naelewa, nikipewa swali nakwama

Mwalimu, shikamoo.

Niko mwaka wa kwanza chuo kikuu, nasoma fizikia. Muhula huu tuna somo moja lililobeba mekanika ya Newton pamoja na utangulizi wa nadharia maalumu ya uhusianifu, ile ya vitu vinavyokwenda kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Jaribio la katikati ya muhula limenishinda vibaya, na mtihani wa mwisho ni baada ya wiki sita. Uvivu sina. Fomula zote nimezikariri, na mfano uliokwisha kutatuliwa naufuata mstari kwa mstari bila tabu. Ila nikipewa swali jipya, naishia kutafuta fomula yenye herufi zilizotajwa kwenye swali, naingiza namba, jibu linakuwa kosa.

Mfano mmoja: kitu cha kilo 3 kiko mezani, kimefungwa kamba inayopita juu ya kapi jepesi lisilo na msuguano, na mwisho wa kamba kinaning'inia kitu cha kilo 2. Kipeo cha msuguano wa meza, μ, ni 0.20. Vitu vikiwa vinakwenda, mkazo wa kamba ni kiasi gani? Niliandika 2 × 9.8 = 19.6 N. Nikapewa alama sifuri, na mpaka leo sioni kosa, kwa kuwa kamba ndiyo inayokibeba kile kitu.

Kwenye uhusianifu ndiyo giza kabisa. Sijui lini nazidisha kwa gama (γ) na lini nagawanya. Tuliulizwa hivi: treni yenye urefu wa mita 100 inakwenda kwa 0.6c (c ni kasi ya mwanga). Radi mbili zinapiga ncha zake mbili kwa wakati mmoja, kwa mujibu wa mtu aliyesimama ardhini. Je, kwa abiria radi hizo zimepishana muda gani? Mimi nilijibu sifuri, kwa sababu sifuri mara gama ni sifuri. Wenzangu wananiambia nikariri aina za maswali tu. Nifanye nini?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

*

Marahaba. Tuanze na hilo swali la kapi, maana ndani yake mna karibu kila kinachokukwamisha.

Jibu la 19.6 N lingekuwa sawa kama kitu cha kilo 2 kingekuwa kimetulia, au kinashuka kwa kasi isiyobadilika. Lakini hiki kinashuka huku kasi yake ikiongezeka. Dunia inakivuta chini kwa 19.6 N. Kamba nayo ikikivuta juu kwa 19.6 N, jumla ni sifuri na mchapuko, yaani kiwango cha kubadilika kwa kasi, ni sifuri, jambo linalopingana na hali yenyewe. Kwa hiyo mkazo lazima uwe chini ya 19.6 N. Unaweza kulijua hili kabla hujagusa kikokotoo, na ndiyo tabia ninayotaka uijenge: kosa lako linaingia kabla ya fomula, pale unapoacha kusema ni kitu gani unakizungumzia na kinafanya nini.

Chukua karatasi. Chora nukta mbili zilizoachana, moja kwa kila kitu. Kwenye kila nukta chora mishale ya kani zinazofanya kazi juu ya kitu hicho tu, na kila mshale ujibu swali moja: kani hii inatoka kwa nani? Kitu cha kilo 3 kinavutwa chini na dunia, kinasukumwa juu na meza, kinavutwa na kamba kuelekea kwenye kapi, na kinasuguliwa na meza kinyume cha mwendo. Mishale minne. Kitu cha kilo 2 kinavutwa chini na dunia na juu na kamba. Mishale miwili. Mshale usio na mwenyewe ufute. Kwa sheria hiyo moja utajiokoa na "kani ya mwendo" ambayo wanafunzi hupenda kuichora mbele ya kitu kinachokwenda, na pia na "kani ya kuelekea kati" inayochorwa kama nyongeza kwenye maswali ya mzunguko. Kitu kikizunguka, kinachokielekeza kati ni kamba, au msuguano, au mvutano wa dunia, ama jumla ya hizo. Hakuna mtu wa ziada anayevuta.

Baada ya mishale, chagua upande chanya. Hapa chagua unaofuata mwendo: kuelekea kapi kwa kitu cha mezani, kushuka kwa kile kinachoning'inia. Kamba haitanuki, basi mchapuko ni mmoja, a. Sasa ndipo unaandika kanuni ya pili ya Newton, mara moja kwa kila kitu, kwa herufi (T ni mkazo wa kamba, m₁ masi ya kitu cha mezani, m₂ ya kile kinachoning'inia, g ni 9.8):

T − μm₁g = m₁a
m₂g − T = m₂a

Ukizijumlisha, T inajifuta:

a = (m₂ − μm₁)g / (m₁ + m₂)

Weka namba: (2 − 0.6) × 9.8 / 5 = 2.74 m/s². Kisha T = m₂(g − a) = 2 × (9.8 − 2.74) = 14.1 N. Hakiki kwa kitu kile kingine: 14.1 − 5.88 = 8.2 N, na 3 × 2.74 = 8.2 N. Zimekubaliana.

Usiingize namba mapema. Herufi unaweza kuzihoji, namba huwezi. Weka m₁ = 0: unapata a = g, kitu kinaanguka huru, sawa. Weka m₂ kubwa mno kuliko m₁: a inakaribia g, sawa. Sasa pandisha μ hadi 0.70: juu unapata 2 − 2.1, mchapuko hasi. Maana yake nini? Kama vitu vilikuwa tayari vinakwenda, vinapunguza kasi mpaka visimame. Kama vilikuwa vimetulia, mlinganyo wako haufai tena, kwa kuwa msuguano hauwezi kukianzishia kitu mwendo wa kurudi nyuma. Vitabaki vimetulia, msuguano utajirekebisha uwe 19.6 N, na mkazo utakuwa 19.6 N. Hiyo ndiyo hali ambayo jibu lako la mwanzo lingekuwa sahihi. Kumbuka basi: μN, ambapo N ni kani ya meza inayosukuma juu, ni msuguano wa kitu kinachoteleza. Kwa kitu kilichotulia, μN ni kikomo cha juu tu, na kiasi chenyewe kinapatikana kwa kusawazisha kani.

Kuna kosa lingine linaloambatana na mishale. Kitabu kimetulia mezani. Uzito wake na kani ya meza inayokisukuma juu ni sawa kwa ukubwa, na wengi wanasema hiyo ni kanuni ya tatu ya Newton. Siyo. Jozi ya kanuni ya tatu daima iko juu ya vitu viwili tofauti: dunia inavuta kitabu, kitabu kinavuta dunia. Kani mbili zilizo juu ya kitabu kimoja zinalingana kwa sababu kitabu hakina mchapuko, yaani ni kanuni ya pili. Weka kitabu hicho kwenye lifti inayoanza kupanda uone: usawa unavunjika, ilhali kanuni ya tatu inabaki palepale.

Kuhusu kuchagua njia: swali likitaka kani, mchapuko au muda, anza na mishale. Likitaka kasi ya kitu mahali fulani bila kujali kimechukua muda gani, angalia nishati. Vitu vikigongana, anza na momenta (masi mara kasi), na usidhani nishati mwendo imehifadhiwa mpaka uambiwe mgongano ni wa kudunda kikamilifu. Vikishikamana, sehemu ya nishati mwendo imekwisha geuka kuwa joto na mabadiliko ya umbo. Maswali mazuri ya mtihani yanachanganya njia. Kitu kinateleza bila msuguano kutoka kimo h, kisha kinaingia kwenye njia ya duara iliyosimama wima yenye nusu kipenyo R. H iwe angalau kiasi gani ili kitu kisiachane na njia? Anayetumia nishati peke yake huweka kasi ya sifuri kileleni na kupata h = 2R. Kitu chenye kasi ndogo namna hiyo kingekuwa kimeshaanguka kabla ya kufika. Rudi kwenye mishale: kileleni kuna uzito na kani ya njia, zote zinaelekea chini, na jumla yao ni mv²/R. Kani ya njia haiwezi kuwa hasi, kwani njia inasukuma, haivuti. Hali ya ukingoni ni pale inapofika sifuri, yaani v² = gR. Sasa nishati inamaliza kazi: mgh = mg(2R) + ½mgR, hivyo h = 2.5R. Ukiwa na tufe dogo linalobingirika bila kuteleza, sehemu ya nishati inakwenda kwenye kuzunguka, na kimo kinapanda hadi 2.7R. Jaribu mwenyewe kuipata hiyo 2.7, ni zoezi zuri la saa nzima.

Sasa treni. Ugonjwa ni uleule. Swali la "nazidisha au nagawanya?" halina jibu mpaka useme unapima nini, kati ya matukio gani, kwa saa na rula za nani. Katika mekanika ulitenga vitu. Katika uhusianifu tenga matukio. Tukio ni jambo lililotokea mahali pamoja, kwa nukta moja ya wakati: radi inapiga ncha ya nyuma, radi inapiga ncha ya mbele. Chora jedwali dogo: safu moja kwa kila tukio, nguzo moja ya fremu ya ardhi (yaani vipimo vya saa na rula za ardhini) na nyingine ya fremu ya treni, na kila kisanduku kiwe na x (mahali) na t (wakati). Jaza unachokijua, kisha wacha ubadilishaji wa Lorentz, milinganyo ya kuhama kutoka fremu moja kwenda nyingine, ujaze kilichobaki (alama ′ ni ya treni):

x′ = γ(x − vt)
t′ = γ(t − vx/c²)

Kwa 0.6c, γ = 1/√(1 − 0.36) = 1.25. Mita 100 ni urefu wa treni katika fremu yake yenyewe, ambamo imetulia. Kwa mtu wa ardhini ni 100/1.25 = mita 80. Kwa kuwa radi zilipiga ncha zote mbili kwa wakati mmoja wa ardhini, Δt = 0 na Δx = mita 80 (Δ ni tofauti kati ya matukio mawili). Basi kwa abiria:

Δt′ = 1.25 × (0 − 0.6 × 80/c) = −60/c

Mita 60 ukizigawa kwa kasi ya mwanga, mita 3 × 10⁸ kwa sekunde, ni mikrosekunde 0.2. Alama hasi inasema radi ya mbele ilipiga kwanza. Jibu lako la sifuri lilitokana na kuchukua fomula ya kutanuka kwa muda, Δt′ = γΔt, ambayo ni kipande tu cha ubadilishaji mzima. Kipande hicho kinafaa iwapo Δx = 0, yaani matukio mawili yametokea mahali pamoja katika fremu unayoanzia. Radi zako zimeachana mita 80. Kile kipande cha vx/c² ndicho wanafunzi wanakiacha njiani, nacho ndicho kinachobeba ukweli kwamba "wakati mmoja" wa ardhini si wakati mmoja wa treni.

Angalia pia umbali: Δx′ = 1.25 × 80 = mita 100. Wapo watakaoona mita 80, wakumbuke kwamba urefu hufupika, wagawe tena wapate 64. Kufupika kwa urefu kuna sharti lake: ncha mbili za kitu zipimwe kwa wakati mmoja katika fremu ya anayepima. Abiria hakuona radi zikipiga kwa wakati mmoja, ila treni kwake imetulia, hivyo alama mbili za radi kwenye treni ziko mita 100 hata zikipishana muda.

Kisha hakiki kwa kipimo ambacho fremu zote hukubaliana, (cΔt)² − (Δx)². Ardhini: 0 − 6400 = −6400. Kwenye treni: 60² − 100² = 3600 − 10000 = −6400. Zikilingana, hesabu yako karibu hakika iko salama. Zisipolingana, kuna kosa, na umelijua kabla ya msahihishaji. Hakiki hii huchukua nusu dakika. Ifanye kila mara.

Njia ya mkato ina mahali pake. Saa moja ikihudhuria matukio yote mawili, muda wa saa hiyo ndio mfupi kuliko wote, na fremu nyingine hupata muda huo mara γ. Fremu ambamo kitu kimetulia ndiyo hupata urefu mkubwa kuliko wote, na nyingine hupata urefu huo ukigawanywa kwa γ. Chukua muoni, chembe zinazozaliwa juu angani na kuja chini. Wastani wa uhai wa muoni iliyotulia ni mikrosekunde 2.2. Kwa kasi ya 0.99c, bila uhusianifu ingekwenda wastani wa mita 650 hivi. Kuzaliwa na kufa kwake ni matukio mawili ambayo saa ya muoni yenyewe imeyahudhuria, basi 2.2 ndio muda mfupi. γ ni 7.1, kwetu uhai unakuwa mikrosekunde 15.6, na umbali unafika kilomita 4.6. Ukihamia upande wa muoni, uhai wake ni uleule 2.2, ila kilomita zetu 4.6 za anga zinampita zikiwa zimefupika hadi mita 650. Hesabu mbili, jibu moja. Bruno Rossi na David Hall walipima athari hii mwaka 1941, kwa hiyo usiione kama mchezo wa ubaoni.

Swali la mapacha, ambapo mmoja anasafiri na mwingine anabaki duniani, limalize kwa jedwali hilohilo. Msafiri anakwenda kwenye nyota iliyo umbali wa miaka 4 ya mwanga kwa 0.8c na kurudi kwa kasi hiyo hiyo. Duniani inapita miaka 10. Kwake, γ ikiwa 5/3, inapita 6. Ukiulizwa kwa nini msafiri hawezi kudai kwamba dunia ndiyo iliyokwenda, jibu kwamba yeye alibadilisha fremu alipogeuka na pacha wa duniani hakubadilisha. Fremu ya kwenda na fremu ya kurudi hazikubaliani juu ya nini kinatokea duniani "sasa hivi". Andika tukio la tatu, la kugeuka, na utaona tofauti yote imekaa pale.

Kwenye nishati, usichukue ½mv² ukaibandika gama. Nishati mwendo ni (γ − 1)mc². Kwa 0.6c hiyo ni 0.25mc², wakati ½mv² ingekupa 0.18mc², kwa hiyo kosa si dogo. Kwa maswali ya migongano na kuoza kwa chembe, achana na kasi kadiri uwezavyo; tumia E² = (pc)² + (mc²)² na uhifadhi E (nishati) na p (momenta). Chembe mbili zenye masi m kila moja, zikigongana uso kwa uso, kila moja kwa 0.6c, na kushikamana, zinaunda chembe yenye masi 2.5m. Anayejibu 2m amesahau kwamba nishati mwendo haikupotea.

Hisabati nayo isikuangushe. Unahitaji kuvunja vekta katika vijenzi bila kusitasita. Kwenye mteremko, usikariri kama ni sini au kosini: weka pembe iwe sifuri, na kani ya kuteleza lazima iwe sifuri, kwa hiyo ni sini. Unahitaji pia kadirio (1 + x)ⁿ ≈ 1 + nx kwa x ndogo. Ukiulizwa γ − 1 kwa ndege inayokwenda mita 300 kwa sekunde, kikokotoo cha kawaida kinaweza kukuambia γ ni 1 kamili, na jibu sifuri. Kadirio linakupa ½v²/c² = 5 × 10⁻¹³ papo hapo.

Sasa wiki zako sita. Shida ya kusoma mifano iliyotatuliwa ni kwamba kazi ngumu, yaani kuamua pa kuanzia, mwandishi ameshakufanyia, na wewe unafuata algebra tu. Funika utatuzi. Jipe dakika 20 na swali, na ndani ya dakika hizo lazima kiwepo mchoro wa mishale au jedwali la matukio hata kama huoni njia. Ukikwama, fungua utatuzi usome mpaka mstari wa kwanza ambao hukuufikiria, ufunge tena, uendelee. Kesho yake lirudie swali hilo kwenye karatasi tupu. Likikushinda, hukulielewa, lirudie tena baada ya siku tatu. Maswali manne au matano kwa siku kwa namna hii yanatosha, na ni bora kuliko 20 ya kunakili. Wiki tatu za kwanza zitumie kwenye mishale, nishati, momenta na mzunguko. Mbili kwenye uhusianifu. Ya mwisho kwenye mitihani iliyopita, ukiwa na saa mbele yako. Mitihani hiyo usiiguse kabla, ili ikupime kweli.

Weka daftari la makosa, na kila kosa lipe aina yake: mchoro, alama ya chanya au hasi, kipimo, sharti la fomula lililosahauliwa, au algebra. Baada ya wiki mbili aina moja itakuwa imejaa kuliko nyingine. Kwa barua yako nadhani itakuwa masharti ya fomula. Ikiwa hivyo, andika upya orodha yako ya fomula, na mbele ya kila moja weka sharti lake: Δt′ = γΔt, matukio yawe mahali pamoja; μN, kitu kiwe kinateleza; v² = u² + 2as, mchapuko usibadilike. Fomula isiyo na sharti iondoe kwenye orodha.

Ukienda kumwona mhadhiri au msaidizi wake, nenda na karatasi yenye mchoro wako na mstari uliokwamia. Ukimwambia "sielewi uhusianifu" atakurudia mhadhara. Ukimwonyesha kisanduku kimoja cha jedwali usichoweza kukijaza, dakika 10 zitawatosha nyote. Na ndani ya chumba cha mtihani, swali likikupiga chenga, chora mishale yote na wenyewe wake, au jaza visanduku unavyovijua, kabla ya kuhamia swali linalofuata. Mara nyingi mchoro sahihi huwa na alama zake, na ukirudi mwishoni utakuta nusu ya swali tayari imefanyika.